Tiba ya sindano ya Kichina: mganga anajuaje pa kuchoma?

Watu wengi huniuliza kama akupancha, yaani tiba hii ya sindano, inauma. Mimi huanza na swali jingine: katika mwili mzima wa binadamu, mganga anajuaje pa kuchoma?

Mwaka 1027, mjini Kaifeng, makao makuu ya China wakati wa ukoo wa Song, tabibu wa kifalme Wang Weiyi alisimamia kusubu sanamu mbili za shaba zenye kimo cha mtu, zilizotobolewa vitobo mamia penye sehemu za kuchoma. Husimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji. Mwanafunzi akipatia, maji huchuruzika. Akikosa, sindano hugota kwenye shaba.

Kwa mtu hai, kipimo ni mwili wa mgonjwa mwenyewe. Wazee wetu walipima kwa wanda na shibiri. Wachina wana cun, upana wa kidole gumba cha anayetibiwa. Mtoto ana cun yake, na mtu wa miraba minne ana yake. Jaribu: geuza kiganja juu, laza vidole vitatu vya mkono wa pili kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono kwenda kiwiko. Pale vinapoishia, kati ya kano mbili, ndipo Neiguan, sehemu inayotumiwa kutuliza kichefuchefu. Hata kuibonyeza kwa gumba tu huwasaidia baadhi ya watu.

Kitabu cha Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka 2000 hivi, kinafundisha kwamba nguvu ya uhai, chi, hupita katika mikondo mwilini, na ugonjwa huja inapokwama. Leo Shirika la Afya Duniani linatambua sehemu 361 za kuchoma. Lakini sindano ni tawi moja tu la tiba ya Kichina. Kabla ya kuzishika, tabibu hutazama ulimi na kupapasa mapigo ya mishipa kwenye vifundo vyote viwili vya mikono. Kisha anaweza kuandika dawa za mitishamba, kukanda, au kufukiza pakanga iliyokaushwa karibu na ngozi. Jina la Kichina lenyewe, zhenjiu, linaunganisha sindano na huo moto wa pakanga.

Je, inafanya kazi? Mikondo ya chi haijaonekana katika upasuaji wa maiti wala kwa darubini. Hata hivyo, utafiti unaonyesha nafuu kwa kipandauso, maumivu sugu ya mgongo na kichefuchefu baada ya upasuaji, ingawa mara nyingi sindano za kuigiza, zisizopenya ngozi au zinazochomwa pasipo sehemu hizo, nazo huleta nafuu inayokaribia hiyo. Kwa hiyo naikubali kama msaada wa kupunguza maumivu. Anayekuahidi kwamba itaponya saratani, kisukari au malaria, mkimbie, na dawa zako za hospitali usiziache.

Na kuhusu kuuma: sindano ni nyembamba kama unywele. Mgonjwa huhisi uzito au ganzi, hali ambayo Wachina huiita deqi.

Ukienda, hakikisha pakiti ya sindano inafunguliwa mbele ya macho yako na sindano zikishatumika zinatupwa, maana sindano ya kurudia inaweza kubeba homa ya ini na VVU. Mweleze mtaalamu kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ukichomwa kifuani au mgongoni kisha pumzi ikaanza kubana, huenda pafu limetobolewa: nenda hospitali saa hiyohiyo.