Hesabu za mafumbo: mtoto aelewe habari kwanza, namba baadaye

Mtoto anaweza kujumlisha na kutoa vizuri kabisa, lakini hesabu ileile ikiwekwa ndani ya sentensi mbili anakwama. Watu wazima hukimbilia kusema hajui hesabu. Mimi ninayefundisha hisabati madarasa ya chini nasema mara nyingi hesabu anaijua. Kilichotokea ni kwamba amezidaka namba kabla hajajua habari inahusu nini.

Huko Grenoble, Ufaransa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, watoto wa shule ya msingi waliulizwa hivi: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, 76 walitafuta umri huo kwa kutumia namba walizopewa. Watoto hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoea kwamba kila fumbo lina namba mbili, na kazi yao ni kuchagua alama ya kuweka katikati.

Mazoea hayo tunayalea wenyewe tunapowafundisha kuwinda maneno: ukiona "jumla", jumlisha, ukiona "wamebaki", toa, ukiona "zaidi", jumlisha. Njia hii naipinga waziwazi. Kwenye mafumbo mepesi inaleta jibu sahihi, kwa hiyo mtoto anaiamini, kisha inamwangusha pale fumbo linapogeuzwa kidogo tu. Tazama hili:

Asha ana vitabu 12. Ana vitabu 5 zaidi ya Juma. Juma ana vitabu vingapi?

Aliyefundishwa kuwinda maneno ataandika 17 bila wasiwasi. Mimi kabla mtoto hajashika penseli humfunikia namba na kumwomba anisimulie habari kwa maneno yake. Asha ana vitabu, Juma naye anavyo, vya Asha vimezidi. Halafu namwuliza: nani ana vingi? Akishasema ni Asha, 17 imeshakosa nafasi, maana Juma hawezi kumpita.

Ndipo tunachora. Mstatili mrefu ni wa Asha. Chini yake mfupi ni wa Juma, na yote miwili inaanzia usawa mmoja upande wa kushoto. Kile kipande cha Asha kinachochomoza kulia anakiandikia 5, na juu ya mstatili wote wa Asha anaandika 12. Kwa Juma anaweka alama ya kuuliza. Sasa jicho lenyewe linaona kwamba ukikata kile kipande, Asha na Juma wanalingana: 12 kutoa 5, vitabu 7. Shule za msingi za Singapore zimekuwa zikitumia michoro ya namna hii tangu miaka ya 1980, na mchoro huohuo humfaa mtoto baadaye kwenye sehemu na uwiano.

Angalia lakini mtoto anachora nini. Wengine humchora Asha na nywele zake na kila kitabu na jalada lake. Picha inapendeza, ila haionyeshi nani kamzidi nani. Mwelekeze kwa upole kwenye mistatili.

Mafumbo ya kulinganisha kama hili ndiyo yanayowatesa watoto zaidi. Yale ya kitu kuongezeka au kupungua, na ya kuunganisha makundi mawili, huyazoea mapema, kwa hiyo usiyatumie muda mwingi. Na kama mtoto anakwama kila mara, msomee fumbo kwa sauti. Akilitatua baada ya kusomewa, anachohitaji ni msaada wa kusoma.

Kuna jambo linalorukwa karibu kila mahali: kurudisha jibu kwenye habari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa miaka 13 nchini Marekani walipewa fumbo la askari 1,128 wanaosafirishwa kwa mabasi, kila basi likibeba 36. Yanahitajika mabasi mangapi? Karibu wanafunzi 3 kati ya 10 walijibu "31, baki 12". Kugawanya walikugawanya sawasawa, ila hao 12 wameachwa barabarani! Ndiyo maana sipokei namba tupu. Nataka sentensi nzima: "Yanahitajika mabasi 32." Anayeandika "yanahitajika mabasi 31, baki 12" husita mwenyewe akiisoma.

Kwa zoezi la nyumbani, mafumbo mawili yaliyosimuliwa na kuchorwa yana faida kuliko ukurasa mzima wa mafumbo yaliyokimbizwa. Mtoto akishazoea, mgeuzie kibao: mpe namba 12 na 5, atunge habari yenye neno "zaidi" ambayo jibu lake ni 7, kisha nyingine yenye neno hilohilo ambayo jibu lake ni 17. Akizitunga zote mbili, mpe namba kubwa zaidi.