Njia ya mbio za magari ya rimoti nyumbani: yanayosemwa Nairobi na yalivyo

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, watoto wa ploti yetu hapa Embakasi hawataki tena gari la kuvuta kwa kamba. Wanataka la rimoti. Baba zao, mimi nikiwemo, tunalitaka kuliko wao. Tatizo ni kwamba kila mzazi anakuja na lake alilosikia.

"Bila kiwanja kikubwa, sahau."

Hili ndilo linalowavunja moyo wengi, na linatokana na kununua gari kabla ya kupima mahali. Gari la kipimo cha 1/10, yaani dogo mara kumi kuliko gari halisi, lina urefu wa sentimita 44 hivi. Likienda kilomita 40 kwa saa, linakata mita 11 kila sekunde. Ua wa mita 10 linaumaliza kufumba na kufumbua, na mbele yake ni ukuta. Sasa chukua la 1/28, kama zile Mini-Z za Kyosho kutoka Japani. Hilo ni la sentimita 16 hivi, linakaa kiganjani. Sebule ya mita 3 kwa 4, makochi yakishatolewa (ruhusa kwa mama watoto iombwe mapema), inalitosha kabisa. Ukiipa njia upana wa sentimita 80, unapata njia tatu sambamba na magari mawili bado yanapitana. Vigae huteleza, kwa hiyo tandika zulia la manyoya mafupi au ile mikeka ya sponji ya watoto inayoshikanishwa kwa meno.

"Njia nzuri ni ndefu na imenyooka."

Uhondo wa mbio uko kwenye kona. Kipande kimoja kilichonyooka kinatosha, mradi kiishie kwenye kona kali itakayomlazimisha dereva kufunga breki. Hapo ndipo watu hupitana. Kwingine changanya: kona pana, kona ya kugeuka nyuma, mpindo wa herufi S. Chora kwa chaki, endesha raundi kumi, futa, chora tena.

Mimi sikufanya hivyo. Nilichimbia mawe kandokando siku ya kwanza, na wiki haikuisha kabla mkono wa gurudumu la mbele kuvunjika. Kibaya zaidi, mawe yalinizuia kuona kona mbili, nikawa naendesha kwa kubahatisha. Siku hizi natumia mpira wa kumwagilia maji, kwa kuwa ni mfupi kwa kimo, unapinda utakavyo, na gari likiugonga linarudi salama. Dereva wa rimoti hayumo garini, kwa hiyo anachokiona kutoka aliposimama ndicho kila kitu. Chagua mahali pa kusimama kwanza, kisha chora njia. Nasi tunasimama juu ya kreti za soda.

"Udongo ni udongo."

Mwambie hayo mtu wa Embakasi! Udongo wetu mweusi huvimba ukilowa na kunata kwenye tairi, na jua likiwaka unapasuka nyufa zinazomeza gurudumu dogo. Wenzetu wa upande wa Kikuyu wana udongo mwekundu, ambao ukinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa unashika vizuri, ila vumbi lake huingia kwenye beringi na gia. Kwenye udongo mweusi, mwaga tabaka la udongo mwekundu juu na uinamishe uwanja sentimita 2 kwa kila mita ili maji yatoke. Mvua za Machi hadi Mei hazina mzaha, na za Oktoba hadi Desemba zinarudi kukagua kazi yako.

"Nairobi iko juu sana, magari yatakosa nguvu."

Kwa gari linalotumia mafuta, kweli: kwenye mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi, na kabureta inahitaji kupunguziwa mafuta. Mota ya umeme haivuti hewa ili kuwaka, kwa hiyo haipungukiwi nguvu. Tofauti ni kwamba hewa nyepesi huipoza polepole kidogo, basi ipumzishe kati ya mbio.

"Betri ilale imejaa, kesho tuanze mapema."

Betri za lithiamu polima hujaa kwenye volti 4.2 kwa kila seli, na zikikaa hivyo siku nyingi huchakaa na hata kuvimba. Zihifadhi kwenye volti 3.8 hivi, na usizichaji ukiwa umelala au umetoka.