Ukishaweka nukta ya mwisho kwenye riwaya yako ya kwanza

Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, riwaya ya maneno 40,000 inakwisha kwa wiki 16. Hesabu ni sahihi, lakini huwadanganya wengi, kwa sababu toka hapo hadi kitabu kukaa rafuni huenda ukapita mwaka au miwili, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki si ya mchapishaji. Ni yako. Mimi ni mhariri wa riwaya za Kiswahili. Naeleza hapa kazi yenyewe ilivyo.

Kwanza, uweke mswada kando wiki nne, usiufungue. Ukiurudia kesho yake utasoma ulichokusudia, si ulichoandika. Baada ya hapo usome mara tatu, kila mara ukitafuta jambo moja tu.

Usomaji wa kwanza ni wa hadithi. Chukua daftari, na kwa kila sura andika mstari mmoja: nani yupo, wapi, siku gani, saa ngapi. Hapa ndipo makosa yanapojitokeza: mimba ya miezi kumi na mbili, marehemu anayekunywa chai sura ya tisa, basi lililotoka Tanga asubuhi likafika Dar es Salaam kabla ya abiria kupanda. Saa ndizo hatari zaidi. Mwandishi anayeandika "saa saba mchana" sura ya pili, kisha "saa 13:00" sura ya tano, anamfanya msomaji ahesabu badala ya kusoma. Chagua saa za Kiswahili, ubaki nazo. Na kama hadithi yako iko pwani, jihadhari na "usiku wa Ijumaa": kwa wanaohesabu siku kuanzia magharibi, huo ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Msomaji wa Pemba na wa Nakuru wanaweza kuelewa mambo mawili tofauti, na kama kuna mtu anauawa usiku huo, upelelezi wote unaharibika. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" humaliza ubishi.

Usomaji wa pili ni wa lugha, na huu ndio nautilia mkazo kuliko yote. Tazama sentensi hii: "Aliamka, alioga, alivaa, alitoka." Hakuna kosa la sarufi linaloshikika, lakini haisogei; kila kitenzi kinaanza upya. "Aliamka, akaoga, akavaa, akatoka" inatembea yenyewe. Kiambishi -ka- ndicho injini ya masimulizi ya Kiswahili, na mswada usiokuwa nacho kwa kawaida umewazwa kwa Kiingereza. Ndugu ya kosa hilo ni "ambaye" iliyojaa kila aya: "mtu ambaye alikuja" badala ya "mtu aliyekuja". Tafuta "amba" kwenye kompyuta, uhesabu. Ukikuta zaidi ya mbili kwa ukurasa, punguza. Katika mazungumzo, angalia wahusika wasiitane majina kila wanapofungua kinywa. Kijana anayeongea na mama mkwe hamwiti Zuhura, na hiyo peke yake inamweleza msomaji uhusiano wao bila wewe kuutaja.

Usomaji wa tatu ufanye kwa sauti, kalamu mkononi. Sikio hukamata "alafu" iliyodondosha h, "kua" iliyopaswa kuwa "kuwa", na r na l zilizobadilishana: anayekwenda kupiga kura na anayekwenda kula hawaendi mahali pamoja. Macho peke yake huzipita.

Kuandaa faili ni kazi ya siku moja. Fonti ya kawaida ya pointi 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa, kila sura ukurasa mpya. Zima usahihishaji wa Kiingereza unaojifanya wenyewe; ndio unaoweka herufi kubwa baada ya "n.k." katikati ya sentensi. Mazungumzo yawekee alama mbili za kunukuu, si moja, vinginevyo ng'ombe na ng'ambo zitachanganyika na alama zako.

Pamoja na mswada hutumwa muhtasari wa ukurasa mmoja. Taja mwisho wa hadithi humo. Mhariri si mteja wa kufichwa siri. Anataka kujua kama umeweza kuimaliza. Ujue pia kwamba wachapishaji wengi wa Kenya na Tanzania huendeshwa na soko la shule, hivyo swali "kinaweza kuingia darasani?" huulizwa hata kama hukuandikia wanafunzi. Njia nyingine ni mashindano: tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada isiyochapishwa, na Tanzania ina Tuzo ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu. Soma masharti ya mwaka husika.

Mkataba ukija, usikimbilie asilimia ya mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa. Uliza ni asilimia ya nini. Kitabu cha shilingi 15,000, mrabaha asilimia 10 ya bei ya jalada, kinakupa 1,500 kwa nakala. Kama ni asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji, na duka limepunguziwa asilimia 40, unapata 900. Namba ileile, pesa nyingine. Angalia pia haki za tafsiri, filamu na kitabu cha sauti, na kipengele cha haki kukurudia kitabu kikiisha sokoni bila kuchapwa tena.

Kisha huja prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa unazopewa uzikague kabla ya kuchapwa, na hapo marekebisho yanakuwa ghali. Karatasi kubwa ya kiwandani mara nyingi hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 144 ni karatasi tisa kamili. Aya mpya ulizoota usiku zikikisukuma hadi 146, mpangaji wa kurasa atabana herufi au atalipia karatasi ya kumi yenye kurasa 14 tupu. Rekebisha makosa, usiandike upya. Kagua maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari: programu isiyojua Kiswahili huweza kukata "mwan-amke", wakati silabi zetu zinataka "mwana-mke". Mwisho linganisha jina lako kwenye jalada, kwenye mgongo na kwenye ukurasa wa hakimiliki, halafu tarakimu 13 za ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) za ndani na zile zilizo kwenye mistari myeusi ya msimbo wa jalada la nyuma, moja baada ya nyingine, kwa kidole.