Hijabu kwenye sare: iandikwe, isisemwe tu

Migogoro mingi ya hijabu katika shule za umma nchini Kenya chanzo chake ni ruhusa ya mdomo. Mwalimu mkuu anasema "hakuna shida", wasichana wanajifunga ushungi mwaka mzima, kisha anapewa uhamisho. Anayeingia anafungua kanuni za shule, anakuta sare haitaji chochote cha kichwani, na Jumatatu watoto wanarudishwa langoni.

Kesi ya shule ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, ilichipuka kwenye maneno ya mdomo kama hayo. Juni 2014 naibu gavana alisema mbele ya wazazi kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe hijabu na suruali nyeupe. Kanisa la Methodisti, mdhamini wa shule, likaenda kortini. Mahakama Kuu ililiunga mkono Machi 2015. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikapindua uamuzi huo: kanuni inayomhusu kila mtu inaweza kubagua hata bila kutaja dini. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi wa Rufaa, lakini kwa kasoro ya utaratibu, kwamba dai la mzazi aliyejiunga na kesi kutetea hijabu halikuwasilishwa ipasavyo. Wengi walisoma vichwa vya habari wakaamini hijabu imepigwa marufuku nchi nzima. La hasha. Swali lenyewe liliachwa bila jibu.

Kwa hiyo mzazi anabaki na Katiba, Kifungu cha 32: mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya dini yake, wala asilazimishwe kutenda kinyume na imani yake. Anayo pia Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayompa mdhamini kazi ya kulea imani shuleni na papo hapo kulinda imani za wengine. Nusu hiyo ya pili husahaulika sana, na kuna shule ambako wenye kuisahau ni Waislamu, pale mtoto Mkristo anapokuwa mmoja darasani.

Ninachoshauri ni barua, si malalamiko. Mwandikie mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa bodi ya usimamizi, muhula mmoja kabla ya mtoto kuripoti, kwa kuwa bodi haikutani kila wiki. Wazazi hulalamika kwamba mdhamini ana wajumbe 3 kwenye bodi. Waliochaguliwa na wazazi ni 6. Omba uamuzi uingizwe kwenye kumbukumbu za kikao, kisha kwenye karatasi ya sare anayopewa kila mwanafunzi mpya. Usipofika huko, bado ni ruhusa ya mdomo, ila imesemwa na watu wengi zaidi.

Maneno ya kanuni ndiyo yanayoiokoa au kuiua. "Hijabu inaruhusiwa" ni sentensi mbovu: mmoja atakuja na buibui, mwingine na mtandio wa maua, na mwalimu wa zamu atajiamulia langoni. Andika rangi (nyeupe, au ya sweta), urefu (ufunike kifua, ncha ziingie ndani ya sweta, nembo ionekane), na kitambaa. Nasisitiza pamba kwa sababu ya maabara: nailoni ikiguswa na moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Ushungi wa kushonwa ni bora kuliko wa pini, hasa saa ya michezo. Shule isilazimishe duka moja. Na iandikwe kwamba ni hiari, maana msichana Mwislamu asiyevaa naye hupata shida, mara nyingi kutoka kwa wenzake bwenini.

Swala hutisha shule bure. Nairobi na Isiolo adhuhuri huingia kati ya saa sita na robo na saa saba kasoro robo, na mapumziko ya chakula huangukia humo au baada yake kidogo. Alasiri inaweza kuswaliwa vipindi vikiisha. Kinachohitajika ni chumba safi, mkeka, na maji ya udhu. Kopo la lita moja latosha mtu mmoja. Ijumaa ndiyo yenye kazi, kwa sababu hotuba na rakaa mbili za jamaa haziahirishwi. Kipindi cha kabla ya chakula siku hiyo kisipangwe mtihani.

Shule za bweni huteleza kwenye Ramadhani. Daku (mlo wa kabla ya alfajiri kwa anayefunga) iwe imekwisha kabla ya saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, kwa hiyo mpishi apangiwe zamu, au chakula cha usiku kihifadhiwe kwenye chombo cha kutunza joto. Nairobi na Isiolo magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika tano jioni. Chakula kikigawiwa saa kumi na mbili kamili, sehemu ya wafungaji itengwe kwanza, majina yao yakiwa jikoni tangu asubuhi. Yasipokuwepo, sufuria huwa tupu adhana ikilia.