Raba za kolabo: kabla ya jina, bonyeza soli

Kijana mmoja alikuja kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na raba za kolabo, yaani zile ambazo kampuni ya viatu huzitoa pamoja na msanii au mbunifu mwenye jina, kazipakata kama mtoto mchanga. Alikuwa amezitunza kwa miaka kadhaa kwenye boksi, ndani ya mfuko wa plastiki uliopigwa fundo, akisubiri harusi ya dada yake kule Ujiji. Kabla maharusi hawajaingia ukumbini, soli zikaanza kumeguka. Nilipobonyeza kisigino, kidole gumba kilizama na kutoka na unga wa manjano.

"Fundi, mbona sikuwahi kuzivaa?"

Kaka, hazikuhitaji kuvaliwa. Sponji ya kati kwenye raba kama hizi ni ya poliyurethani, aina ya plastiki laini, na adui wake ni unyevu. Mvuke wa hewani huingia humo na kuivunjavunja polepole, na joto huharakisha kazi hiyo. Ukifunga plastiki unaufungia unyevu ndani pamoja na kiatu. Hapa tuko kando ya Ziwa Tanganyika, na mvua zikianza Novemba hata unga wa sembe hushikana kwenye kopo.

Ndiyo maana mteja akiniuliza kama raba fulani inastahili bei yake, naanza chini. Kolabo nyingi hubadilisha sehemu ya juu tu: rangi, ngozi, alama. Mwanamuziki Travis Scott mwaka 2019 aliigeuza alama ya Nike ikatazama nyuma kwenye Jordan 1, na dunia ikachachamaa. Chini ni kiatu kilekile cha 1985, cha mpira wa kikapu, kilichoanza kuuzwa dola 65: bakuli la raba na kifuko kidogo cha hewa kisiginoni. Dior, wale wa mitindo ya kifahari, walipoishika mwaka 2020, yenye shingo ndefu iliuzwa dola 2,200. Shuka nayo kwa miguu kutoka Mwanga hadi stesheni, unyayo utakwambia kila kokoto uliyoikanyaga.

Sisemi mtindo ni upuuzi. Kazi ya mbunifu Virgil Abloh ya 2017, zile raba kumi za chapa yake ya Off-White na Nike, naipenda kwa dhati. Aliacha sponji na mishono vionekane, kiatu ukakiona kama ninavyokiona mimi kikiwa wazi mezani. Pale kulikuwa na wazo, si kiki peke yake.

Kwa raha ya mguu, Yeezy, kolabo ya zamani ya adidas na Kanye West, zenye soli ya Boost zina haki ya kusifiwa. Soli hiyo ilitoka 2013, ni punje za plastiki laini zilizogandishwa pamoja kwa mvuke, na ukikanyaga inakurudisha. Ila kitambaa chake cha kufuma hupitisha vumbi letu jekundu, na toleo la Yeezy liitwalo 350 hubana mguu mpana. Jaribu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, na usikubali kuambiwa kitatanuka.

Za mtumba nazikunja mbele ya muuzaji. Zikilia kama biskuti, au ukiona nyufa nyembamba kwenye sponji, jina lisikupumbaze.

Raba za yule kijana sikuzipaka gundi, maana gundi haishiki unga. Ngozi ya juu bado ilikuwa nzima, kwa hiyo nilikwangua sponji yote, nikatafuta soli ya raba nyingine ya saizi yake, nikaishona kuzunguka kwa uzi mzito. Alipokuja kuzichukua Jumamosi alitoa mfuko wa plastiki. Nikamwambia, mdogo wangu, zivae uende nazo.