Pralini ni nini? Soma kabla hujamnunulia mpenzi wako boksi la chokoleti

Pralini ni chokoleti ndogo ya kuliwa kwa mkupuo mmoja, yenye ganda gumu nje na kitu laini ndani. Humo ndani huwa mna lozi zilizosagwa na sukari, karameli, kahawa, tunda, au krimu iliyokorogwa pamoja na chokoleti, ambayo mafundi huiita ganashi. Zile chokoleti zinazopangwa ndani ya boksi, kila moja kwenye kijumba chake cha karatasi, nyingi ni pralini. Ile bapa ndefu ya kuvunjavunja ina sifa zake, lakini siizungumzii hapa.

Neno lenyewe lilianzia Ufaransa katika karne ya 17, na wakati huo halikuwa na chokoleti hata chembe. Lilikuwa jina la lozi zilizokaangwa kwenye sukari mpaka zikavaa ganda la kahawia. Inasimuliwa kwamba zilitokea jikoni kwa mkuu wa jeshi aliyeitwa du Plessis-Praslin, zikachukua jina lake. Kama umewahi kununua karanga za sukari kwenye kikaratasi kituoni, umeshakula ndugu wa damu wa pralini ya kwanza.

Walioligeuza ni Wabelgiji. Familia ya Neuhaus ilifungua duka la dawa mjini Brussels mwaka 1857, na husimuliwa kuwa mzee alikuwa akifunika dawa chungu kwa chokoleti ili wagonjwa wazimeze. Mwaka 1912 mjukuu wake, Jean Neuhaus, akatengeneza ganda la chokoleti na kulijaza kitu kitamu. Miaka mitatu baadaye mkewe, Louise Agostini, akabuni boksi la kuzipanga, maana kwenye mifuko ya karatasi zilikuwa zinapondana. Napenda kwamba boksi hili, ambalo leo tunaliona kama pambo, lilizaliwa kwa kuhurumia kitu chepesi kuvunjika.

Mapenzi nayo yaliingia kwa njia ya boksi. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1860, Richard Cadbury alianza kuuza chokoleti kwenye maboksi yenye umbo la moyo kwa ajili ya Siku ya Wapendanao. Huko Japani wanawake ndio huwapa wanaume tarehe 14 Februari, na wanaume hurudisha fadhila tarehe 14 Machi.

Sasa, ipi nzuri na ipi ya kupita? Jibu kubwa limo kwenye mafuta. Mbegu ya kakao ina mafuta yake ya asili, siagi ya kakao, na yakigandishwa vizuri huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 34. Mwili wa binadamu una 37. Ndiyo maana chokoleti halisi hukatika kwa mlio mkavu ukiivunja, kisha ikifika ulimini inalegea yenyewe na kuondoka bila kuacha kitu. Chokoleti nyingi za bei rahisi huondolewa siagi hiyo na kutiwa mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya mawese. Hizo hukaa mdomoni kama nta na kuacha utando juu ya kaakaa. Kwa hiyo geuza boksi, usome orodha ya viambato. Ukikuta siagi ya kakao, endelea kusoma. Ukikuta mafuta ya mawese yametajwa mwanzoni kabisa, rudisha boksi rafuni, hata kama utepe wake ni mzuri namna gani.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inasaidia kidogo kuelewa. Chokoleti nyeusi lazima iwe na angalau asilimia 35 ya kakao, ya maziwa asilimia 25, na mafuta ya mimea mingine yasizidi asilimia 5. Lakini ili kitu kiitwe pralini, chokoleti inatosha ikiwa robo ya uzito wote. Robo tatu zilizobaki ni kile kilichomo ndani, na hapo ndipo fundi mzuri hutofautiana na kiwanda cha sukari.

Asilimia 70 au 85 iliyoandikwa juu ya boksi huwapotosha wengi. Inaonyesha sehemu iliyotokana na kakao. Inayobaki, kwenye chokoleti nyeusi, karibu yote ni sukari. Haielezi ubora. Mtu anayekunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, ukimpa asilimia 85 umempa adhabu. Mnunulie ya maziwa yenye lozi au karameli, naye atajua kwamba ulikuwa unamtazama anapokunywa chai.

Kuna pia jambo la heshima. Pralini nyingi za Ulaya hujazwa ramu, wiski au pombe nyingine tamu. Kama mwenzako ni Mwislamu, au hanywi kwa sababu yoyote ile, soma kila aina iliyomo, na muuzaji asipojua, usinunue. Fanya hivyohivyo kwa mtu anayedhurika na karanga au lozi.

Kakao yenyewe hailimwi Brussels. Kwetu Tanzania inalimwa Kyela na bonde la Kilombero, kule Uganda Bundibugyo, na upande wa Kongo maeneo ya Beni. Mbegu huchachushwa siku kadhaa na kuanikwa juani, na hatua hiyo ndiyo inayojenga ladha kabla fundi wa chokoleti hajagusa chochote. Kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoko Kilombero, hununua mbegu mbichi kwa wakulima na kuzichachusha wenyewe. Chokoleti zilizotengenezwa kwa mbegu zao zimeuzwa hadi San Francisco kwa jina la Tanzania. Mtoto wa Kyela amefyonza utando mweupe wa mbegu hizo tangu utotoni, na huenda hajawahi kuonja chokoleti iliyotokana nazo. Kwa mpenzi wa namna hiyo, mimi ningetafuta boksi lililoandikwa jina la nyumbani kwao.

Adui mkubwa wa pralini huku pwani ni joto. Dar es Salaam au Mombasa, gari lililoegeshwa juani adhuhuri hupita nyuzijoto 34 kwa dakika chache. Chokoleti ikiyeyuka na kuganda tena hutoa ukungu mweupe juu: ni siagi iliyopanda. Haidhuru, ila mlio unapotea na ulaini pia. Kwa hiyo nunua siku ileile unayotoa, au siku moja kabla, kwenye duka lenye kiyoyozi, na uliza zimetengenezwa lini. Zenye krimu ndani hazipaswi kukaa zaidi ya wiki chache.

Ikibidi uweke kwenye friji, funga boksi ndani ya mfuko usiopitisha hewa, maana chokoleti hunyonya harufu ya vitunguu na samaki upesi sana. Kisha itoe nusu saa kabla ya kula, na usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu yake na kuyeyusha sukari. Sita zilizo freshi zinatosha watu wawili kwa jioni moja.