Virusi Vimetangulia, Je, Bakteria Wameshafika?

Nafanya kazi katika maabara ya mikrobiolojia ya hospitali. Msimu wa mafua ukichachamaa, simu kutoka wodini huwa ni ile ile: kipimo cha mgonjwa kimeonyesha virusi, homa haishuki, anahema kwa shida, oksijeni inapanda na kushuka, tumwanzishie antibiotiki au tusubiri? Kabla sijajibu nauliza mambo mawili. Leo ni siku ya ngapi tangu aanze kuumwa? Na sampuli mmeshachukua, au sindano ya kwanza ya seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, imeshaingia?

Kwamba bakteria huingia nyuma ya virusi na kuua, hilo limethibitika. Mwaka 2008 watafiti watatu wa Marekani, David Morens, Jeffery Taubenberger na Anthony Fauci, walichapisha matokeo ya kuchunguza upya vipande vya mapafu ya watu 58 waliokufa katika janga la mafua la 1918 na 1919. Walipitia pia ripoti za zaidi ya maiti 8,000 zilizopasuliwa na madaktari wa wakati ule. Wengi wa marehemu hao walikuwa na nimonia ya bakteria juu ya mafua, na bakteria wenyewe ni wale wale tunaowaotesha leo: Streptococcus pneumoniae, yaani pneumokokasi, Streptococcus pyogenes na Staphylococcus aureus. Penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Lakini hata mwaka 2009, antibiotiki zikiwa zimejaa, Marekani ilipochunguza sampuli za mapafu za watu 77 waliokufa kwa H1N1, mafua yaliyoitwa ya nguruwe, 22 kati yao walikutwa na bakteria.

Inatokeaje? Njia ya hewa imetandikwa seli zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopiga bila kupumzika, vikisukuma ute na uchafu kuelekea kooni ili tuumeze au tukohoe. Kirusi cha mafua (influenza) huingia ndani ya seli hizo, kikazaliana humo na kuziua, nazo zikabanduka. Ute unabaki chini, na ukuta ulioachwa wazi unakuwa rahisi kwa bakteria kujishikiza. Zaidi ya hapo, kirusi hicho kina kimeng'enya kinachokata sukari zilizofunika uso wa seli, na chini ya sukari hizo ndiko bakteria wanakopata pa kung'ang'ania. Mwili nao, ukiwa umekazana kupambana na virusi, humwaga interferoni, na kemikali hizo hizo hupunguza makali ya makrofaji, seli za ulinzi zinazokaa ndani ya vifuko vya hewa. Pneumokokasi hahitaji kutoka mbali. Watoto wengi wanaishi naye puani wakiwa wazima kabisa, wanacheza.

Uharibifu huo huchukua siku kadhaa kukamilika, ndiyo maana nauliza tarehe. Mgonjwa wa mafua aliyeanza kupata nafuu, akaomba uji, akakaa kitandani, halafu homa ikarudi kwa kishindo, kifua kikamchoma upande mmoja na makohozi yakawa rangi ya kutu au usaha: huyo simsubirishi, na nawaomba wenzangu wa wodini wasimsubirishe. Staphylococcus aureus ndiye ninayemhofia zaidi. Anaweza kuozesha pafu la kijana mwenye afya njema kwa muda mfupi sana, akamtoa damu kifuani, na mara nyingine huwa sugu kwa dawa za kawaida za jamii ya penisilini.

UVIKO-19 ilitufundisha upande wa pili. Kwa kuwa wote tulikuwa na 1918 kichwani, tulitarajia mapafu yaliyojaa bakteria tangu mgonjwa anapopokelewa. Haikuwa hivyo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu za wagonjwa wapatao 450,000 waliolazwa katika nchi 65 kati ya Januari 2020 na Machi 2023: ni 8% tu waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibiotiki, ilhali karibu watatu kati ya wanne walipewa dawa hizo. Katika Kanda ya Afrika na ile ya Mashariki ya Mediterania matumizi yalifika 83%. Hata azithromaisini, antibiotiki iliyomezwa nyumba hadi nyumba wakati ule, ilijaribiwa Uingereza katika utafiti wa RECOVERY kwa zaidi ya wagonjwa 7,000 waliolazwa, na matokeo ya 2021 yakaonyesha haikupunguza vifo.

Naelewa kwa nini madaktari waliandika antibiotiki hizo. Picha ya kifua ya nimonia ya virusi na ya bakteria zinaweza kufanana. CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, hupanda sana hata kwa virusi peke yake. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu ambacho kwa kawaida hupanda zaidi kwa bakteria, ikiwa chini inakupa ujasiri wa kuacha dawa, lakini hospitali nyingi hazina kipimo hicho, na penye kipimo bado haitoshi kuamua peke yake. Daktari wa zamu, saa nane usiku, mbele ya mama anayehangaika kupata pumzi, ataandika sindano. Simlaumu. Ninachomwomba ni dakika chache: damu itolewe kwanza, iingie kwenye chupa za kuoteshea, makohozi yakipatikana yachukuliwe, kisha dawa iende mara moja. Pneumokokasi ni dhaifu mbele ya antibiotiki. Dozi moja tu inaweza kumfanya asiote tena kwangu, na hapo hakuna atakayejua tulikuwa tunatibu nini.

Makohozi nayo yana mambo yake. Kikopo kikifika, kabla ya kuotesha naweka tone kwenye kioo, naweka rangi za Gram zinazowafanya bakteria waonekane, natazama kwa hadubini. Nikiona seli pana bapa za mdomoni zimetapakaa kila upande, hayo ni mate, na kuyaotesha ni kumpotosha daktari, kwa hiyo naomba mengine. Sampuli nzuri ina seli hizo chini ya 10 katika eneo moja la lenzi ndogo, na seli nyeupe za usaha zaidi ya 25. Katikati ya usaha huo, nikiongeza ukuzaji, ndipo pneumokokasi hujionyesha: rangi ya zambarau, wawili wawili, ncha zimechongoka kwa nje. Kesho yake kwenye sahani ya agari yenye damu, yaani chakula cha kuoteshea bakteria, wanakuwa makundi madogo yaliyozungukwa na ukijani, yamebonyea katikati. Hata hivyo kumkuta bakteria si sawa na kumkamata mhalifu. Richard Pfeiffer, Mjerumani, mwaka 1892 alimwona bakteria mmoja katika makohozi ya wagonjwa wa mafua akaamini ndiye chanzo cha mafua yenyewe. Kirusi halisi kilitengwa kutoka kwa binadamu mwaka 1933. Wengi tunaowaotesha ni wakazi wa kooni, na jibu la maabara lisomwe pamoja na mgonjwa aliyelala pale.

Mambo yanabadilika mgonjwa akihamia chumba cha wagonjwa mahututi. Akishawekewa mpira kooni na mashine ya kupumulia kwa zaidi ya saa 48, bakteria wanaomwingia ni wa hospitali: Klebsiella, Pseudomonas, Acinetobacter. Huyu wa mwisho anaweza kuishi wiki nyingi juu ya sehemu kavu, kuanzia reli ya kitanda hadi vitufe vya mashine. Deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo kweli iliokoa maisha ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni, nayo hupunguza kinga. Na zile antibiotiki walizopewa siku ya kwanza bila sababu zimeshaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Nchini Marekani maambukizi ya hospitalini ya Acinetobacter asiyesikia kabapenemu, antibiotiki kali za akiba, yaliongezeka kwa 78% kutoka 2019 hadi 2020. Nikiandika katika jibu kwamba bakteria ni sugu kwa kila dawa iliyopo kwenye famasi yetu, naipigia wodi simu mwenyewe. Karatasi haitoshi kwa habari kama hiyo. Kunawa mikono, kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, kusafisha kinywa cha mgonjwa na kumtoa kwenye mashine mapema iwezekanavyo vinaokoa watu ambao mimi sina dawa ya kuwapendekezea.

Dawa iliyoanzishwa ipitiwe upya baada ya saa 48 hadi 72. Damu haijaotesha kitu, homa imeshuka, virusi vimethibitishwa? Isimamishwe. Hapa ndipo tunapokwama zaidi, kwa sababu kuanza dawa kuna sahihi ya mtu, na kusimamisha hakuna mwenyewe.

Kuna ushahidi mmoja ninaoupenda kuliko mwingine wote katika eneo hili. Soweto, Afrika Kusini, watafiti Shabir Madhi na Keith Klugman waliwafuatilia watoto waliopata chanjo ya pneumokokasi na wasiopata. Mwaka 2004 walionyesha kwamba chanjo hiyo ya bakteria ilipunguza kwa 31% watoto kulazwa kwa nimonia iliyoambatana na virusi. Maana yake nimonia nyingi zilizokuwa zikiitwa za virusi zilikuwa na pneumokokasi ndani yake, asiyeonekana kwa vipimo vyetu. Kenya ilianza kutoa chanjo ya pneumokokasi mwaka 2011, na Kilifi ugonjwa mkali wa aina zilizomo kwenye chanjo ulipungua kwa 92% kwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa watu wazima, chanjo ya mafua bado hatuipi uzito unaostahili, hasa kwa wazee, wajawazito na wenye kisukari.

Kama unauguza mtu, mambo mawili mwambie daktari hata kama hajauliza. La kwanza ni tarehe ugonjwa ulipoanza, na kama kulikuwa na siku za nafuu katikati. La pili ni kila dawa aliyomeza kabla ya kuja: amoksilini ya jirani, vidonge vya rangi mbili vya duka la dawa, sindano ya zahanati. Usione haya, hakuna atakayekugombeza. Njoo na boksi au pakiti yenyewe, ili jina la dawa liandikwe kwenye fomu inayokuja maabara pamoja na sampuli.